Viti Vinavyotundikwa Ukutani

Mume wangu mpendwa,

Nimeaibika Amerika, na kosa ni lako. Baada ya matanga yako dada yangu alinialika kwake nikapumzike, na Jumamosi moja akanipeleka kuona kijiji cha zamani kinachotunzwa kama makumbusho. Wenyeji wake waliitwa Washeka, watu wa Mungu walioabudu kwa kucheza na kutetemeka mwili mzima. Wanaume na wanawake waliishi nyumba moja, ila kila upande na mlango wake na ngazi zake, na hakuna aliyeoa wala kuolewa. Hapo kwenye milango najua ungecheka mpaka ukohoe.

Tukaingia chumba kikubwa cheupe. Yesu wangu! Ukuta mzima umezungukwa na ubao wenye vigingi, na kwenye vigingi vimetundikwa viti, miguu juu. Sikuwaza. Nikashusha kimoja, nikakiweka chini, nikakaa. Mama anayetembeza wageni akapiga kelele, dada yangu akajifanya hanijui. Mimi nimekaa tu namshangaa, maana nyumbani kwetu Sydenham, huku kusini mwa Afrika, mgeni hushusha kiti kwanza, ndipo asalimie.

Unakumbuka tulivyoanza katika kile chumba chetu kimoja? Ulikuwa ukirudi kutoka kiwandani Jacobs na vipande vya mbao ambavyo bosi hakuvitaka, vumbi hadi kwenye nyusi. Mimi nimetoka kazini saluni Overport, miguu imevimba, nataka godoro langu, na wewe unapiga nyundo, unatengeneza viti na vigingi vya kuvitundika. Niligomba: "Hii ni nyumba ama ni stoo?" Ukanijibu bila hata kugeuka, "Mukenya wangu, uko na haraka sana. Chumba iko kidogo, lakini ukuta iko mingi."

Kwaya ilipoanza kuja kwetu Ijumaa kwa mazoezi, ukatoa sheria yako. Ukiingia, shusha chako. Ukitoka, tundika chako. "Kiti yenye kubaki chini, mwenyewe hajaenda." Mtu akichomoka kununua mkate pale karibu na robot, taa za barabarani, kiti chake kilimngoja, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Hata mchungaji alitundika chake. Siku aliyosahau ulimfuata hadi kwenye taxi, nami nikajifunika uso kwa khanga kwa aibu.

Halafu lile jina. Kwenu na kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake, na sisi Mungu hakutujalia. Watu walikuwa wakifika kwenye "Mama..." wanameza mate. Mpaka mtundu mmoja wa sauti ya tatu akakuita Papa Viti, na mimi nikawa Mama Viti. Ulifurahi kama umepewa cheo. Mimi nilijifungia bafuni nikalia. Niliona wamenipa mbao badala ya mtoto. Ukasimama nje ya mlango, ukaniambia taratibu, "Chérie, jina ni jina. Itika tu." Niliitika, lakini miaka yote hiyo niliitika shingo upande.

Tulipokuzika nilitundika viti vyote, chako cha mwisho, pale karibu na dirisha. Kwaya nikaiambia itafute pengine. Aliyepiga hodi niliongea naye mlangoni. Sikutaka mtu yeyote akalie kazi ya mikono yako, basi kila Jumamosi nikawa navifuta vumbi, narudi kulala.

Sasa yule mama wa Amerika, hasira zilipompoa, akatueleza mwisho wa wale watu. Hawakuzaa. Walilea yatima wengi, lakini wengi wao walikua wakaenda zao, na mwishowe kijiji kikabaki na viti. Nikamuuliza, "Na hakuna anayevikalia?" Akasema hakuna, vinalindwa visiharibike. Papa, nililia mbele za watu. Dada alidhani nalia kwa kugombezwa. Nililia kwa sababu nilijiona mimi, huko Sydenham, na kitambaa changu cha vumbi. Wewe ulivitengeneza vikaliwe.

Niliporudi nikaita kwaya. Ijumaa, wa kwanza kufika alikuwa mgeni, Zawadi, katoka Bukavu juzi juzi, mtoto mgongoni. Wenzake walishamweleza sheria, lakini hawakumweleza kiti ni cha nani. Akashusha chako. Waliokuwa wanaingia wakanigeuzia macho. Nisikudanganye, moyo ulinipasuka. Naye akaona, akaanza kuinuka.

"Pardon, Mama Viti. Hii iko ya mtu?"

"Iko ya Papa Viti," nikamwambia. "Kaa, mama. Nyonyesha mtoto."

Na lile jina, mume wangu, safari hii niliitika kwa moyo wote. Tukaimba. Besi imelegea bila wewe, eish, tunavumilia tu. Mtoto wa Zawadi alilala katikati ya kelele zetu, kichwa kimeegemea mgongo wa kiti uliousugua wewe kwa msasa hadi nikakuuliza kama unatafuta dhahabu humo ndani.

Walipotoka, kila mmoja alitundika chake. Zawadi alikuwa na mtoto mikononi, nikamwambia aende tu, nitamtundikia.

Sijakitundika.

Lala salama, fundi wangu.

Mkeo,
Mama Viti