Siku Ufuo Ulipopiga Vigelegele

Mpendwa Akinyi,

Huku Usenge tuko salama. Babu yako anaendelea vizuri na goti lake, na mahindi yameota.

Uliniuliza kwenye simu, "Dani, na wewe pia uliwahi kutamani kufa?" Ndiyo, mjukuu wangu. Nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza nilitamani kila siku, na sikumwambia mtu.

Asubuhi moja nilikuwa ufuoni na jirani yangu Adhiambo, tukianika omena, dagaa wa ziwani. Akanitazama, akaweka beseni chini. "Mama, unafikiria kujiua?"

Nikasema ndiyo. Hakunikemea. Alikaa nami mchangani nikalia mpaka nikachoka, kisha akasema, "Leo unalala kwangu. Kesho tunaenda kwa daktari pamoja."

Tulienda, tukarudi tena na tena. Wanawake wa ufuoni walipokezana kukaa nami. Haikuisha haraka. Lakini siku moja mnunuzi wa samaki alijaribu kunipunja, nikamfokea mpaka akaomba msamaha. Adhiambo akapaza sauti, "Amerudi! Mwenzetu amerudi!" Ufuo mzima ukapiga vigelegele, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wewe umeshasema neno lililonishinda kwa miezi. Leo mwambie na rafiki unayeishi naye, akupeleke hospitali. Ijumaa nakuja Eldoret, na nitakaa.

Mama yako alizaliwa baada ya siku zile, kisha ukaja wewe. Nilikupokea mimi mwenyewe, nikiimba.

Dani yako