Mwite Nayra Ijumaa

Mpenzi Wilmer,

Hapa Cochabamba mvua imeanza, na yule jogoo wako mkorofi ameruka tena kwa jirani. Homa ya mwanetu Nayra imeshuka.

Ile korona tuliyoiona kama mafua tu imerudi kwa mlango wa nyuma: macho mekundu, midomo kupasuka, na jana hospitalini wakampima moyo kwa mashine ya picha kama ile ya wajawazito.

"Mama, kwani nina mtoto?" aliuliza, kisha akalia na kurusha miguu, picha ikawa haishikiki. Nje ya mlango mama yako alikuwa akipunga sweta la Nayra, akiiita roho ya mtoto iliyokimbia kwa hofu: "Nayra, njoo! Usibaki huko!"

"Mama, unatuaibisha!" nilifoka.

Daktari akafungua mlango. "Bibi, ingia. Mwite hapa, taratibu."

Mtoto akatulia. Picha nayo ikatulia. Daktari akaitazama, kisha akanieleza.

Mshipa mmoja wa moyo umetanuka. Ijumaa asubuhi watapima tena, waone kama dawa imeuzuia usitanuke zaidi.

Mama yako sauti imemkauka. Ijumaa nitaita mimi. Na wewe huko Chile, ukiamka tu, toka nje umwite. Kwa nguvu, Wilmer, hata wakikucheka.

Wako,
Zulma