Divai ya Friji na Koti la Manjano

Umbilo, Durban
Machi 1998

Masumbuko, ndugu yangu,

Kama huko umesimama, keti kwanza, maana neno ninalotaka kukuambia hujawahi kulisikia kinywani mwangu miaka yote tuliyojuana: nilikosea. Usicheke bado. Ngoja nimalize.

Unaikumbuka Krismasi. Ulikuja kwangu umevaa lile koti lako la manjano, umebana chupa ya divai nyekundu chini ya kila kwapa. Mzee Bruno, tajiri wako wa mgahawa wa South Beach, alikuwa ameletewa katoni na ndugu zake wa Italia, kutoka shamba la mizabibu la ukoo wao, na kila mhudumu akapewa chupa mbili. Ulinionyesha picha ya babu yao kwenye chupa, na masharubu yake, ukamsifu utadhani ni babu yako. Kisha ukaenda moja kwa moja kwenye friji yangu.

"Vieux, mzee wangu, hii iko divai mpya, ya mwaka huu. Banaikunywaka baridi."

Mimi! Mimi niliyewapikia mapadri wa Bukavu miaka saba, nikawawekea divai mezani kila Jumapili, niambiwe na mtu aliyeshika trei juzi kwamba divai nyekundu inakaa kwenye friji kama Fanta! Nikaitoa. Ukairudisha. Nikaitoa tena. Watoto wakaacha kula, wakawa wanatutazama sisi. Mwishowe nikasimama mbele ya mkeo, Mama Neema, na shemasi Kasongo, nikaapa: "Siku utanionyesha pahali imeandikwa, nitavaa hiyo koti yako ndani ya kanisa." Wakacheka wote, isipokuwa mimi na wewe. Chupa ile tukainywa ya moto, haikupozwa hata kidogo; ya pili ukaondoka nayo, na Jumapili iliyofuata ukahamia benchi la upande wa pili wa kanisa.

Wiki tatu, Masumbuko. Wiki tatu za kununiana kwa sababu ya friji. Nilikuwa nakusubiri uje kuomba msamaha. Badala yake wakanipigia simu kiwandani kwetu Jacobs: umeanguka kazini, moyo. Mzee Bruno anasema uliiweka trei mezani kwanza, ukainyoosha, ndipo ukaanguka, na hakuna hata glasi moja iliyovunjika. Nililia mbele ya zamu nzima, mimi na tumbo langu hili.

Sasa sikia aibu yangu. Msibani nilikuwa napanga soda kwenye friji ya mkeo, nikaikuta chupa yako ya pili imelala humo. Nikaitoa. Nikaiweka dirishani, juani. Nilijiambia kwamba soda zinahitaji nafasi, lakini wewe unanijua. Hujazikwa bado, na mimi bado nabishana nawe.

Mzee Bruno akaingia kutoa pole. Akampa mkeo mkono, akafanya ishara ya msalaba, halafu akaiona chupa. Mzee wa watu alipiga kelele kuliko wafiwa. Akaikumbatia, akauliza kwa Kiingereza chake kile ni nani anayempika babu yake. Akaigeuza, akamsomea shemasi Kasongo maneno ya mgongoni: inywe ingali changa, inywe ikiwa imepoa. Nikajitetea kwa mapadri wangu. Akaniuliza Bukavu kuna hali ya hewa gani. Nikamwambia usiku tunajifunika blanketi mbili. Akalitazama jasho langu la Januari ya Durban. Na mimi ndipo nikaelewa. Chumba cha mapadri kilitosha kuwa friji, ndugu yangu. Miaka saba niliwapa divai baridi bila kujua.

"Papa Bahati," shemasi akasema polepole, "na ile koti?"

Nimelivaa Jumapili iliyopita, baada ya siku zako arobaini. Mama Neema alilipiga pasi mwenyewe. Mikono iliishia karibu na viwiko, na vifungo havikuonana hata kwa salamu. Niliposimama kwenye robot ya Umbilo Road kungoja taa igeuke kijani, dereva wa taxi akapiga honi kunisifu: "Sharp, baba!" Kanisani, tulipopiga magoti na watu wote kimya, mshono wa mgongoni ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Mama Neema akainamisha kichwa. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, mabega yanamtikisika, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilitamani lipasuke tena.

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, nikatoka na karatasi ya oda ya mgahawani, mwandiko wako: "Pasaka, kualika Papa Bahati. Divai itoke kwa frigo masaa mbili mbele ya kula, ipate moto, asinune tena."

Sikuweza kuimba wimbo uliofuata. Wewe ndiye uliyekuwa na haki, na wewe ndiye uliyekuwa unajiandaa kunywa ya moto kwa ajili yangu.

Mchana tuliifungua kwako ile chupa ya pili, imetoka kwenye friji, inatoka jasho kama mimi. Ina ukali kidogo wa matunda, na inashuka bila kubisha hodi. Nilitaka kusema si mbaya. Nikasema ukweli, kwa sauti, watoto wako wasikie: "Masumbuko alikuwa na haki." Mama Neema akaniambia nirudie. Nikarudia.

Basi pumzika, ndugu yangu. Umeniacha na benchi refu mno. Nakuahidi kwamba kila Pasaka nitamwomba Mzee Bruno chupa moja, niilete kwa Mama Neema, na haitatoka kwenye friji mpaka watu wawe mezani. Na siku tutakapoonana, ukinipokea na ile ya moto uliyopanga kunipa, nitainywa yote, na sitanuna.

Ndugu yako mbishi,
Papa Bahati