Hapa Hakuna Udongo Wazi

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Mfanufikile kapiga simu. Tangu tumzike baba sijasikia sauti ya kaka yangu, leo ananiita "dada mpenzi". Nikajua kuna kisu nyuma.

Ukoo umekaa kikao – bila mimi, mwanamke – ukaamua: ng'ombe wa kuirudisha roho ya baba nyumbani atachinjiwa kwangu, hapa mjini Midrand, Jumamosi. Kwa nini si kwetu kijijini, Nquthu? Kule kaka kauza mifugo yote, paa limeanguka, zizi limeota miiba. Basi twende kwa dada, dada ana bwawa la kuogelea!

Mimi si mjinga. Kwetu damu ya ng'ombe huyo lazima inywewe na udongo. Ikinywewa, baba kahamia. Alipo baba ni nyumba ya ukoo, na nyumba ya ukoo ina mwenyewe: mwana wa kiume wa kwanza. Atakuja na magodoro yake, mimi nipewe chumba cha nyuma. Ndivyo alivyofanyiwa shangazi Thokozile. Kafa akiosha vyombo katika nyumba aliyoijenga yeye.

Nyumba hii nimeipata kwa magoti. Miaka kumi na tisa natandika nyasi bandia kwenye nyua za watu, magoti yote sugu. Kwangu sijatandika hata kipande.

Sasa natandika.

Jumanne, 12 Septemba

Mita tisini na nne za mraba, kuzunguka bwawa lote. Nimemwita Chisomo, fundi wangu, Mmalawi. Nyasi hai tumezichuna kama ngozi, mizizi inakatika krr, krr. Halafu kokoto laini, halafu mashine ya kushindilia, inapiga mpaka meno yanagongana.

Chisomo: "Bosi, kando ya bwawa sentimita tano zinatosha."

"Weka kumi."

"Kwani tunazika mtu?"

"Shindilia wewe!"

Kaka kaacha ujumbe wa sauti. Kasikia ninachofanya. Nisipofungua geti, atalivunja kwa kichwa changu.

Alhamisi, 14 Septemba

Alikuja. Nilikuwa nimefuata gundi. Nimerudi namkuta Chisomo kakaa ukingoni, mkono kautumbukiza majini mpaka kiwiko. Kaka kamkanyaga vidole kwa buti – viwili vimevunjika – huku anamuuliza nani kamruhusu kufunika ardhi ya baba yake.

Ardhi ya baba yake! Baba hakuwahi hata kukojoa hapa.

Hospitali, plasta. Chisomo akasema: "Alikuwa analia, bosi. Ananikanyaga huku analia." Sikutaka kuambiwa hilo.

Polisi nao! Askari kauliza kama ni mambo ya kifamilia. Nikasema ndiyo. Akafunika kalamu.

Nikimwona nitamvunja mimi.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimemaliza peke yangu. Kitambaa cha kuzuia magugu, kisha roli zote za nyasi bandia, nyuzi zimelala upande mmoja kuelekea nyumba. Kwenye mshono: kunja kingo, paka gundi, rudisha, kandamiza kwa goti. Hauonekani! Msumari kila sentimita ishirini, na kila msumari nimeupiga nikilitaja jina la kaka. Kitalu cha mlimau nimekimwagia zege. Ukuta hadi ukuta, hakuna udongo wazi hata wa kujaza kijiko.

Nikampigia baba mdogo Bhekokwakhe, mkubwa wa ukoo. Nikamwambia, karibuni, geti liko wazi, ila mtachinjia wapi?

Akasema: "Mwanangu, unamfungia baba yako mlango."

Nikasema, namfungia mwanawe.

Jumamosi, 16 Septemba

Walikuja na lori. Ng'ombe mweusi, baka jeupe tumboni. Wakamfunga nje, kwenye nguzo ya geti, wakaingia kukagua. Baba mdogo akavua viatu kwa heshima. Jua kali, plastiki inachoma – mzee akaanza kurukaruka! "Huyu mtoto katuandalia kikaango!" Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikadhani yamekwisha.

Mfanufikile hakucheka. Akachukua kisu changu cha wembe kwenye sanduku la vifaa, akapiga magoti karibu na ngazi ya bwawa, akakidunga kwenye nyasi. Sauti ile ya mgongo wa nyasi ukichanika, naijua. Akafungua kama anafungua mlango. Akaipiga kokoto kwa shoka la kuchinjia, vipande vinaruka majini.

"Mnaona? Kamzibia baba kwa mawe!"

Udongo ukatokea.

"Mleteni ng'ombe!"

Nikamwambia acha. Nikamwambia tena. Akanitazama, jasho linamtiririka. "Dada, chumba cha nyuma kina dirisha. Hutakosa hewa."

Nyundo ya mpira ilikuwa karibu na mguu wangu. Nikaiacha, nikachukua ya chuma.

Ilimpata juu ya sikio. Akaanguka kifudifudi, kichwa ndani ya shimo alilochimba. Damu! Sikujua mtu ana damu nyingi hivyo. Inamwagika na udongo unakunywa, unakunywa.

Hakuna aliyepiga kelele ila ng'ombe. Kisha baba mdogo akavua kofia, akaanza kutaja majina ya ukoo, taratibu, kuanzia kwa babu, mpaka akafika kwa baba.

"Nyamaza!" nikamwambia. "Huyu si ng'ombe!"

Akasema bila hasira: "Udongo haukuuliza, mwanangu."

Wamempakia kaka kwenye lori, kichwa mapajani mwa baba mdogo. Wakati wanamnyanyua alizinduka. Akaniona. Akacheka, meno yote mekundu. "Asante, dada. Umenichinjia."

Wazee waliobaki wamekaa nje ya geti na ng'ombe wao. Wamewasha moto. Hawaniiti, hawaondoki.

Mimi niko shimoni na koleo, naandika nikivuta pumzi. Udongo ulioguswa na damu unatoka wote, naujaza kwenye mifuko, nikautupe mbali. Nilidhani kuchimba sentimita ishirini kungetosha. Sasa ni sitini. Tatizo udongo wa huku ni mwekundu wenyewe, juu mpaka chini – sijui damu imekomea wapi.

Simu inaita. Ni baba mdogo, kutoka hospitali. Mikono yangu ina matope. Inaita tu.

Nachimba –