Mzigo Unaopumua

Mzee Wandera,

Tangu tukuzike Busibwabo, kompyuta za ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Malaba nimeachiwa mimi. Ulizoea kuniuliza habari zake kila jioni. Sijapata mwingine wa kumpa ripoti, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Naanza na kosa langu. Uliacha triga zote, zile amri za mashine kujiendesha yenyewe, zimezimwa. Ulikuwa ukisakinisha kifurushi cha programu, kisha unaamsha kwa mkono kila kinachokitegemea: fonti, orodha za fomu, huduma ya printa. Nilikuona mkaidi tu. Triga ikiwashwa, kifurushi kikiingia wenzake wanashtuka na kujipanga wenyewe. Ya nini mtu mzima kujisumbua? Ukanijibu, "Mashine inajua kuamka. Haijui nani yuko nje."

Wiki ya pili baada ya mazishi nikaziwasha zote, na sitakudanganya, nilifurahi. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika chache. Sikusafiri tena mpaka tawi la Busia kwa sababu kuna mtu karuka hatua moja. Hata ile fonti iliyogeuza majina ya wateja kuwa viboksi ilipona.

Halafu siku moja, saa saba mchana, kikaingia kifurushi kidogo cha usalama. Triga ikaishtua huduma ya printa, ikajizima na kujiwasha katikati ya kazi, na fomu zote zilizokuwa kwenye foleni zikapotea. Nje kulikuwa na mama mmoja mwenye pikapu, anapeleka vifaranga wa siku moja Tororo. Kuandaa karatasi zake upya kulituchukua zaidi ya saa mbili, na jua lile unalijua. Hakunipigia kelele. Alifungua boksi la juu, akanionyesha.

"Dada, hawa wamekufa wakingoja karatasi."

Nilijifungia chooni nikalia. Nilianza na vifaranga, nikamalizia na wewe, maana siku ya mazishi nilipewa kazi ya kusimamia spika za matangazo na sikupata nafasi ya kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa zile safari zako za kwenye foleni ya malori. Kabla ya kugusa printa ulikuwa ukipita lori kwa lori ukiuliza, "Nani ana mzigo unaopumua?" Wenye ng'ombe na kuku ukawamalizia karatasi kwanza, ndipo ukarudi kwenye mashine. Mimi nilidhani unaenda kupiga soga na kuomba miwa.

Usinune, sijazizima zote. Za fonti na orodha nimeziacha, zinafanya kazi hiyo kuliko mimi na wewe. Ya printa peke yake nimeifunga: ikishtuliwa inaniarifu, kisha inangoja nikubali.

Jana iliniarifu. Nikatoka nje mara ya kwanza, nikaona haya kweli, nikapita nikiuliza swali lako kwa sauti ndogo. Hakukuwa na ng'ombe wala kuku. Dereva mmoja mwenye lori la saruji akanitazama, akasema mzigo wake haupumui, ila yeye mwenyewe bado anapumua, na hajamwona mkewe siku tisa.

Nilimtolea karatasi zake kwanza. Kuiwasha upya printa kukangoja.

Pumzika, Mzee. Sitaigusa kabla sijatoka nje kuuliza.

Mwanafunzi wako,
Nekesa