Gurudumu Lisilo na Upepo

Mikumi,
9 Juni 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi sijambo, na shangazi Mwanne naye hajambo, isipokuwa goti la kushoto linamsumbua akisimama jikoni muda mrefu. Mama anaendeleaje na kile kikohozi? Mdogo wangu Doto ameshazoea kwenda shule bila kusindikizwa? Na mahindi ya bondeni mmeanza kuyavunja, au bado mnasubiri yakauke? Huku mvua imekatika na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye sufuria.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mara mbili nilikupigia nikiwa na neno la kukueleza, nikanyamaza, ukasema mtandao wa Mikumi ni mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Ndiyo maana naandika.

Kazi uliyonituma naifanya. Asubuhi namsaidia shangazi kupika chakula cha kuuza, na saa saba napeleka wali gereji ya jirani kwa Fundi Urbanus, anayetengeneza malori yanayoharibikia njiani. Mwanzoni nilikuwa naweka sahani juu ya benchi na kuondoka bila kumtazama mtu, na mafundi wakanipa jina la Bubu. Siku moja Fundi Urbanus alikuwa amelala chini ya lori, akaomba spana namba kumi na saba, nikampa. Akauliza nani amempa, wakasema ni Bubu. Akasema basi Bubu abaki, maana wenye midomo wanampa namba kumi na tisa. Tangu hapo nikimaliza vyombo nakwenda kusaidia. Shangazi anajua.

Mwezi wa tatu dereva mmoja anayeitwa Hussein alikwama hapa siku tatu akisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Alituonyesha kwenye simu yake video ya gari lililoendeshwa mwezini zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mafundi walisema ni uongo. Mimi niliomba kuiona mara tatu. Baba, magurudumu yale hayakuwa na mpira wala upepo. Yalifumwa kwa waya za chuma kama tenga, na kila moja lilikuwa na mota yake. Hussein alitusomea maelezo, akasema yalitengenezwa na mainjinia wa kampuni ya magari, haya haya ya barabarani, na kwamba hata sasa watengeneza magari wanaitwa kuunda mengine ya kwenda huko.

Nilikukumbuka wewe. Mwaka ule tairi la toroli lilipochanwa na miiba katikati ya mavuno, ulilijaza nyuzi za mkonge na magunia chakavu. Jirani yetu Mzee Petro akasema wenzako wanalima mkonge shambani, wewe unaulima kwenye tairi. Tukasomba nalo mahindi siku mbili. Naona shida yako na ya wale mainjinia ilikuwa moja, gurudumu liende pasipo upepo.

Basi nikaanza kufuma la kwangu. Tairi za malori zilizokwisha zina waya ngumu pembeni. Nilizitoa, nikafuma kwa wiki nzima, na lilipendeza. Tulilifunga kwenye toroli la gereji, wakapakia ndoo nne za maji, likalala kama chapati. Mafundi walicheka mpaka wateja wakasogea kutazama. Wakaniuliza mwanaanga anarudi lini duniani. Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko la shangazi. Fundi Urbanus alinifuata, na hakunipa pole. Aliniuliza tu kama mwezini mzigo una uzito sawa na wa hapa. Ndipo nikakumbuka fizikia, kwamba kule uzito wa kitu ni sehemu moja ya sita ya uzito wake hapa. Nilikuwa nimefuma gurudumu la mwezini, nikalibebesha maji ya Mikumi.

La pili nimelifuma kwa waya mara mbili, na ndani nimeweka pete ya chuma, ili waya zikibonyea zipate pa kuegemea. Lina wiki ya tatu sasa linabeba ndoo nne.

Sasa baba, neno lenyewe ni hili. Shuleni nilijaza uuguzi kama ulivyoniagiza. Lakini tuliporuhusiwa kubadilisha machaguo, niliingia kwenye mtandao katika steshenari hapa Mikumi nikaweka ufundi wa magari. Shangazi hakujua, usimlaumu. Majina yametoka, na nimechaguliwa chuo cha ufundi. Najua umeshawaambia watu msikitini kwamba kijiji chetu cha Masanze kitapata muuguzi wake. Najua pia kwa nini unataka hivyo, maana nilikuwepo Doto alipozaliwa. Siku ile muuguzi alikuwa akitusubiri hospitali. Lililokwama njiani lilikuwa gari lililombeba mama. Sisemi hivi ili nikushinde, ila ndicho ninachokiwaza.

Fomu ya chuo inataka saini ya mzazi. Mafundi walinishauri nisaini mwenyewe. Nilijaribu kuiiga saini yako kwenye daftari na niliipata, hata ule mkia wa mwisho. Nikaona aibu. Karatasi ile niliichoma jikoni. Fomu iko humu ndani ya bahasha, na sehemu yako iko wazi.

Konda Ashrafu wa basi la Kilosa atakufikishia barua hii pamoja na mfuko. Ndani ya mfuko kuna lile gurudumu la pili. Naomba ulifunge kwenye toroli, upakie gunia zima la mahindi, upite njia ya korongoni, siyo ya barabarani. Usisaini kabla ya kulijaribu. Ashrafu anarudi Ijumaa. Ukiona ufundi haumfai binti yako, mpe fomu bila saini, nami nitarudi nyumbani nivune pamoja nanyi, na mwakani nitaomba uuguzi. Sitanuna. Lakini gurudumu likilala, naomba uniandikie limelalia upande gani.

Nisalimie mama, na umwambie dawa ya kikohozi aimalize yote hata akipata nafuu. Majirani wote wape salamu zangu, na Mzee Petro pia, akiwa tayari kusukuma toroli. Doto asipande juu yake kabla ya gunia.

Ijumaa nitakuwa kituoni kabla basi halijafika.

Ni mimi binti yako,
Mwanvua