Kwa Nini Mama Hakuzikwa Kando ya Baba

Nyumba ya pili kutoka kona,
Mtaa wa Mafundi Tairi.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, pole. Pole ya msiba haichachi, kwa hiyo naituma tena hata kama ile ya kwanza hukuipokea. U hali gani huko? Wifi yangu anaendeleaje na mgongo? Na mapacha, wameshaizoea shule mpya au bado wanaamka na vilio? Sisi huku tunapumua. Magoti yananisumbua kwa kusimama kutwa kwenye mashine za kufulia mashuka ya hospitali, lakini nikiketi yanatulia, basi naketi kila ninapoibia nafasi.

Nimeambiwa umekasirika. Ndugu yetu Trekta, mtoto wa Mama Mdogo, alipokupigia kukuambia tumeshazika, ulimjibu kwamba tumemtupa Mama makaburi ya mjini kama mtu asiye na kwao, na hali kila mtu anajua alitaka kulala kando ya Baba. Tangu hapo simu zangu hupokei. Sikulaumu. Ningekuwa mbali kama wewe ningesema hayo hayo, pengine na makali zaidi. Lakini yapo ambayo hukuambiwa kwa sababu Mama alikataza, na yapo ambayo siku hizi watu wa kwetu hawayasemi kwenye simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ile alasiri ya kiangazi, mwaka jana, Mama alikuwa uani anageuza godoro juani. Aliniambia hakusikia ngurumo wala mlio. Aliona tu kivuli kinapita juu ya godoro, akainua macho kwa furaha, akidhani mvua imewahi. Haikuwa wingu. Kilikuwa kitu cha rangi ya sufuria kuukuu, kimeinama upande mmoja, kinashuka taratibu kama mtu anayetafuta pa kukaa. Kisha kikaporomoka mara moja, bondeni, chini kidogo ya makaburi yetu. Ardhi ikatikisika, vyombo vikamwagika kabatini.

Unamjua Mama. Mwingine angekimbilia kwa jirani, yeye alishuka. Alikwenda mpaka kwenye kaburi la Baba, akasimama hapo akatazama. Kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu, kimelima mtaro mkubwa kwenye shamba la chini. Hakikuwaka moto, hakikutoa moshi. Kilikuwa kimya, na yeye akanyamaza, kama mtu aliyeingia kumwona mgonjwa akamkuta amelala.

Kabla jua halijatua malori yalikuwa yamefika. Hilo ndilo lililomuudhi kwanza. "Zahanati yetu inaomba gari la wagonjwa tangu nikiwa na meno yote," alikuwa akisema, "na mpaka leo halijaiona njia. Hawa njia wameionaje?" Trekta aliitwa na trekta lake aje kuvuta. Majirani wakahamishwa, na Mama akaambiwa afungashe vitu vyake, ahame kwa muda, kwa ajili ya afya yake. Alikuja kwangu na begi moja na lile godoro. Nyuma yake wakazungusha uzio, nyumba ikabaki ndani, na Baba na Bibi wakabaki ndani.

Basi ikaanza redio. Kwanza msemaji wa serikali akatangaza kwamba lilikuwa puto la kupimia hali ya hewa. Baadaye likawa ndege ya mazoezi isiyo na rubani. Ikapita miezi, tukaambiwa hakuna kilichoanguka kabisa, ule mtikisiko ulikuwa baruti ya machimboni. Machimbo yapi, mdogo wangu? Wewe na mimi tumekulia pale, jiwe tulilojua ni la kusugulia miguu. Mama alikuwa akikaa dirishani kwangu, anawatazama mafundi tairi wakijaza upepo, na kila msemaji alipozungumza alimjibu kana kwamba wanaonana. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi," aliniambia siku moja. "Hawa wamejitengenezea ya lami." Na kweli wameiweka lami, kutoka barabara kuu mpaka kwenye uzio. Kwa ajili ya puto.

Unakumbuka uliwahi kumpigia kipindi hicho, ukamwambia wataalamu wameshaeleza, ni puto tu, aache kusikiliza maneno ya vijiweni. Alikujibu, "Sawa, mwanangu," akanirudishia simu. Kisha akanigeukia. "Usimwambie zaidi. Yuko ugenini, ana watoto wadogo. Mwache alale." Sikuandikii haya nikuchome. Nakuandikia ujue kwa nini ulikuwa hujui.

Trekta alikuja kumsalimia mara moja. Nilikuwa nimetoka zamu, nikawakuta sebuleni. Mama hakuzunguka.

"Ulivuta nini kule?"

"Mama mkubwa, niulize habari za watoto."

"Watoto wako nawajua. Ulivuta nini?"

Trekta akaiviringisha kofia yake mpaka nikaona itachanika. "Nyaya zilikatika," akasema. "Zile za chuma, za kuvutia magogo. Wakaleta nyingine, nazo zikakatika. Nilikatazwa kugeuka nyuma, Mama mkubwa, na sikugeuka. Zaidi ya hapo usinitafutie makubwa." Hakumaliza hata chai. Trekta lake aliliuza, sasa anaendesha lori la mchanga la watu, lakini jina la utani limemng'ang'ania. Ndiyo maana alipokupigia simu hakukueleza sababu. Mdomo wake umeshonwa, na yeye ndiye aliyeshika sindano, kwa woga.

Mama hakutaka kujua ni nini kilichoanguka. Nataka ulielewe hilo, kwa maana najua huko watu wakisikia habari kama hizi hucheka, wakadhani tunasimulia wageni wa angani wenye macho makubwa. Alichotaka ni kupalilia kaburi la mumewe. Tulikwenda kwa mkuu wa wilaya, tukakaa kwenye benchi la korido mpaka wafagiaji wakatupitia miguuni. Tulipoingia, yule bwana alisimama, akamvutia Mama kiti kwa mikono yake mwenyewe. Si mtu mbaya.

"Mama yangu, lilikuwa puto," akasema.

"Haya, puto. Limeshapasuka, mmeshaliokota. Nifungulieni nikang'oe magugu."

"Eneo bado si salama."

"Puto lililopasuka linang'ata?"

Mimi nilitazama chini, nikiogopa atafukuzwa. Yule bwana hakukasirika. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akainama karibu na Mama. "Mama, na mimi nilitaka kwenda kuona. Nimerudishwa pale pale getini. Ninachokuambia ndicho nilichoambiwa niseme." Mama akamtazama, akamshika mkono, akampa pole. Tukatoka. Tangu siku ile hakuijibu tena redio. Nilikuwa nimezoea kuudhika na ubishi wake, lakini ulipokoma nikaona heri ubishi.

Mwezi wa tatu kifua kikambana. Nilimpeleka wodini kwetu, na kila nilipopata upenyo nilipanda ngazi na harufu ya sabuni mikononi nikakae naye. Mashuka yake niliyafua mimi. Alikuwa na akili timamu mpaka mwisho, na hakuomba mengi. "Nikifa nirudisheni kwa baba yenu. Mkikataliwa msigombane na mtu. Lakini ombeni." Alfajiri ya pili baada ya hapo muuguzi alishuka kwenye chumba cha kufulia, akasimama mlangoni bila kuingia, nikajua.

Tuliomba, Kitinda. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani, Trekta akashika usukani, watu wachache nyuma yetu. Lami ile ni laini, jeneza halikutikisika hata kidogo. Kwenye kizuizi alitoka askari, kijana wa umri ambao kaka yao mapacha wako angekuwa nao, kama wangekuwa na kaka. Alipoona jeneza akavua kofia. Akapiga simu, akangoja, akapiga tena. Jua lilikuwa kali, shada la maua likaanza kulegea. Kutoka pale nilikuwa naliona bati la nyumba yetu, na chini yake ule mti wa mpera uliokuwa ukiupanda kuiba matunda. Makaburi hayaonekani kwa sababu ya mteremko.

Akarudi. "Poleni sana, Mama. Wamekataa."

"Kwani ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, unalinda nini?"

Akatazama kofia yake. "Sijui, Mama. Nimepangiwa hapa nikaukuta uzio."

Trekta, mtu aliyeuza trekta lake kwa woga, alishuka garini. Aliushika ule uzio kwa mikono miwili akautikisa, akalia kwa sauti mbele ya watu. "Nimewavutia! Nimewavutia mzigo wenu, mimi! Niacheni nimzike mama yangu!" Askari hakumgusa. Tulimbandua sisi wenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa maana Mama alisema tusigombane. Kisha gari likageuzwa.

Kwa hiyo amelala makaburi ya mjini, safu ya nyuma, ukutani, karibu na kiwanda cha mbao. Mchana kuna kelele za misumeno na unga wa mbao hutua juu ya kaburi lake. Napita Jumapili nikitoka kanisani, naufagia. Hatukumtupa. Tulimfikisha mpaka pale binadamu anaporuhusiwa kufika.

Mimi kilichoanguka sikijui. Kinaweza kuwa cha kwetu, cha majirani, au cha huko juu, Mungu ndiye anayejua alivyoviumba. Wangesema tangu siku ya kwanza kwamba hata wao hawakielewi, Mama angewahurumia, kama alivyomhurumia yule mkuu wa wilaya. Lakini mtu akikupa maelezo matatu, na kila moja linalifuta lililotangulia, unaanza kujiuliza nini kingine kitafutwa.

Nimepata jibu wiki iliyopita. Ametokea msemaji mpya, sauti nzuri kweli, akasema serikali inapenda kuondoa uvumi. Eneo lile, alisema, halijawahi kuwa na makazi ya watu, wala shamba, wala kaburi. Lilikuwa pori tangu hapo. Nilikuwa nakunja mashuka na wenzangu. Yule tuliyeshika naye shuka akaniuliza, "Mbona umeliachia?" Nikainama kuliokota.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha Mama dirishani, nikaogopa kwa mara ya kwanza. Si kuogopa askari. Niliogopa kwamba Mama ameondoka, Mama Mdogo uzee umemwelemea, Trekta hasemi, majirani wametawanywa, na aliyebaki kujua kwamba Baba amelazwa pale ni mimi peke yangu na magoti yangu haya. Halafu nikakukumbuka wewe. Siku tuliyomzika Baba ulikataa kuwaachia watu wazima koleo. Mpini ulikuwa umepasuka, ukakuchana kiganja cha kulia, damu ikatiririka na bado ukaendelea kutupia udongo mpaka Mjomba akakubeba. Kovu lile sidhani kama limefutika.

Sikuombi uamini aliyoyaona Mama. Ukipenda, endelea kuamini puto. Nakuomba kitu kimoja tu: kitazame kiganja chako, kisha uniandikie, kwa mwandiko wako mwenyewe, kwamba Baba yupo pale.

Mama Mdogo anakusalimu, macho yake yamefifia lakini ulimi bado ni ule ule. Trekta anakusalimu, na amesema ukimtukana tena atavumilia, mradi upige. Nisalimie wifi yangu, na mapacha uwabusu kila mmoja sawa na mwenzake wasije wakagombana. Mungu awafunike huko ugenini, awape usingizi mwema, na awarudishe siku moja mkiwa wazima.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye hata ukininunia.